Anga Niliyoitilia Sahihi

Vijana wa ofisini, siku ile ya chai ya kuniaga mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Nilidhani ni maneno ya adabu tu, kama mtu anavyomwambia mgeni wake "karibu tena". Lakini mmenikumbusha mara tatu, na mstaafu hana udhuru wa kusema ana shughuli. Basi kwa jina la Mwenyezi Mungu naanza. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, kama zenyewe zilivyokuwa zikiniruka mimi.

Niliripoti kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika kituo kidogo cha kupimia hali ya hewa kando ya barabara ya Nachingwea kwenda Ruangwa. Nilikuwa na cheti cha kazi, na kabla ya hapo nilikuwa nimekaa miaka sita kwa maalimu wangu wa Kurani, bila cheti. Ile miaka sita ndiyo iliyonifaa zaidi, maana kazi ya kuangalia hali ya hewa inamtaka mtu aliyezoea kuamka alfajiri na kufanya jambo lilelile kila siku bila kuona matokeo.

Mkuu wa kituo alikuwa Mzee Mchopa, mtu wa Mbekenyera, mfupi, aliyevaa koti hata mwezi wa Novemba. Nilipomuuliza kama hasikii joto alisema joto analisoma kwenye kipimajoto, na hapo linatosha. Watumishi tulikuwa wawili: yeye na mimi. Siku ya kwanza alinitembeza. Akanionyesha kibanda cheupe chenye vipimajoto, akanionyesha kipima mvua, na mwisho akasimama mbele ya tufe la kioo lililokaa juu ya nguzo fupi.

"Huyu ndiye bosi," akasema.

Tufe lile lilikusanya mwanga wa jua na kuunguza mstari kwenye kadi iliyowekwa nyuma yake. Jua likiwaka, mstari unaendelea. Jua likifichwa, mstari unakatika. Kila jioni tulitoa kadi, tukaiandika tarehe, tukaweka mpya.

"Mimi na wewe tunaweza kusinzia," Mzee Mchopa akasema. "Huyu hasinzii, na hana shemeji."

Sikuelewa shemeji ameingiaje. Nilielewa wiki hiyohiyo. Ulikuwa mwezi wa Septemba, watu wanaandaa mashamba, na upande wa Mandawa moshi ulikuwa umesimama kama ukuta. Nikaandika kwenye daftari la kituo: moshi. Mzee akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Mussa, hiki nini?"

"Moshi, Mzee. Kule upande wa Mandawa."

"Ule ni wa akina Nangota, wanasafisha shamba la ufuta."

"Lakini tulifundishwa kuandika kila kinachozuia mtu kuona mbali."

"Huko mlikofundishwa kulikuwa na majirani?"

Nikautazama tena ule ukuta wa moshi.

"Sisi tunapima hali ya hewa, mwanangu. Hatupimi majirani."

Nikafuta. Mwaka wa pili sikuhitaji kufuta, kwa kuwa sikuandika. Mwaka wa tatu sikuuona kabisa. Moshi wa kiangazi ukawa kwangu kama mlio wa saa ya ukutani: upo, lakini husikii. Kwa mambo mengine yote Mzee Mchopa alikuwa mkali. Nilipochelewa dakika nne kusoma kipima mvua aliniambia niandike kwamba nimechelewa dakika nne. Nikaandika. Kwa miaka yote ile daftari letu lilikuwa la kweli mpaka kwenye dakika, isipokuwa miezi mitatu kila mwaka ambapo, kwa mujibu wetu, Ruangwa na Nachingwea zilikuwa na anga safi kuliko popote chini ya mbingu.

Mzee akastaafu, akarudi Mbekenyera kulima. Mimi nikabaki na kalamu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ikaja barua. Katika bandari moja ya kusini, wanawake wa mtaa ulio karibu na gati walikuwa wamelalamika kwamba meli zinazokuja kuchukua korosho zinawamwagia masizi kwenye nguo na dagaa walioanikwa. Wakala wa meli akajibu kwamba masizi yanatoka kwenye majiko yao wenyewe. Ikaamuliwa moshi wa meli upimwe, na upimwe kutoka baharini. Akaletwa Dokta Eliwaza, mtaalamu wa hewa kutoka Dar es Salaam, mwanamama mwembamba asiyependa maneno mengi, na chombo cha kuazima, na meli ndogo ya utafiti. Ikahitajika pia mtu mmoja wa hali ya hewa. Wenzangu wa vituo vya pwani wanaijua bahari, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na udhuru. Mimi, ambaye maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya mto Lukuledi wakati wa masika, nikaambiwa nimeteuliwa kwa uzoefu wangu.

Siku ya kwanza baharini sikupima chochote isipokuwa kina cha ndoo.

Siku ya pili Dokta alinikalisha mbele ya chombo. Kilikuwa kikubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni, na mbele kilikuwa na kioo cha kutazamia. Walikiita spektromita ya picha.

"Maalim," akasema, maana mabaharia walikwisha kunibandika jina hilo, "kamera ya kawaida inakuambia moshi uko wapi. Hii inakuambia moshi una nini ndani."

Akanieleza kwamba kila nukta ya picha inafunguliwa ikawa upinde wake wa mvua, na kila gesi ina rangi inazozila. Ukitazama rangi zilizoliwa unamjua mlaji, kama mama anavyotazama makombo akajua ni mtoto gani aliyeingia jikoni. Lakini kuna sharti. Kwanza lazima ukionyeshe chombo anga isiyo na moshi hata kidogo, ndipo ukionyeshe moshi. Chombo hakijui usafi. Kinajua tofauti tu. Ukikidanganya mwanzo, kitakudanganya mpaka mwisho, tena kwa namba nzuri.

Kazi yangu ilikuwa hiyo: kuchagua anga safi, kuandika saa na upande, na kutia sahihi. Nyingine ilikuwa kufuta chumvi kwenye kioo kwa kitambaa laini, kazi ambayo mtu aliyekuwa akisafisha tufe kila siku hahitaji kufundishwa.

Jambo moja la neema nilisahau kulitaja. Chombo kilikaa juu ya meza iliyojizungusha yenyewe, ili meli ikigeuka, chombo kibaki kikitazama upande uleule. Adhuhuri ya kwanza niliyoweza kusimama nilianza sala nikielekea kaskazini, nikatoa salamu nikielekea Msumbiji. Dokta, ambaye ni Mlutheri, alinitazama akasema, "Tandika mkeka wako pembeni ya meza. Mimi nitaielekeza unakotaka, wewe uifuate." Tangu siku hiyo nikaswali kwa kuifuata meza. Katika kazi zangu zote za serikali sikuwahi kuona kitu kingine kisichoyumba namna ile.

Ikafika asubuhi ya kupima. Ulikuwa tena mwezi wa Septemba. Baada ya sala ya alfajiri upepo ulikuwa ukitoka nchi kavu, na ndani yake mlikuwa na harufu ya majani yaliyoungua. Nilikuwa na siku nne baharini na tumbo lilikuwa bado halijanisamehe. Nikavuta ile harufu mpaka chini kabisa, nikaliona shamba, nikauona uwanja wa nyumba yangu, nikamshukuru Mola kwa kunikumbusha nyumbani. Kisha nikaelekeza chombo upande uleule nilioushukuria, nikaona hakuna wingu hata moja, nikaandika: anga safi. Nikatia sahihi. Dokta alikuwa chini na kompyuta yake. Aliniamini.

Alasiri upepo ukageuka ukatoka baharini, ukafagia kila kitu, nasi tukaipima meli ya korosho ikitoa moshi gatini.

Picha ilipokamilika tukaitazama sote, na wakala wa meli akiwemo, bwana mnene mwenye leso. Palipo na gesi nyingi pangekuwa pekundu. Palipo na gesi chache kuliko anga safi pangekuwa buluu. Moshi wa meli ulikuwa buluu. Kwa mujibu wa chombo, meli ile ilikuwa inatusafishia hewa.

"Nilisema mimi," wakala akasema. "Meli hii ni kama mti."

"Sijawahi kuona mti wenye bomba," Dokta akajibu, huku akiipitia picha upya. Wakala akaomba nakala ya karatasi ya vipimo, ile yenye sahihi yangu, akaikunja vizuri akaiweka ndani ya leso.

Kesho yake gatini akanisimamisha msemaji wa wale wanawake, Bi Hadija, kanga mkononi. Ilikuwa na madoa meusi kama vile mtu ameifutia sufuria.

"Maalim, wanasema mashine imeona moshi wa meli ni msafi. Basi hii ni nini, wino?"

"Ndivyo mashine ilivyoonyesha, mama."

"Mashine siijui. Wewe nimekuona unaswali. Wewe umeona nini?"

Nikasema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote.

Jioni Dokta akaniita. "Asubuhi ile uliona nini?"

"Hakukuwa na wingu, Dokta."

"Na moshi?"

"Sikuandika moshi."

"Nimesoma kwamba hukuandika. Nauliza kama moshi ulikuwepo."

Hapo, kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, nikauona. Nikaiona asubuhi ile yote, kijivu kuanzia pwani hadi juu. Lakini jibu sikulitoa, na sababu nitaisema. Dokta alikuwa ameomba madaftari ya kituo chetu, ya miaka yote, ayatumie kama mfano wa mahali pasipo na moshi. Alikuwa akiyasifu. Nikisema nimekosea asubuhi moja, lazima nieleze kwa nini sikuuona, na nikieleza hilo, madaftari yote yanaanguka, na juu yake yapo maandishi ya Mzee Mchopa. Maalimu wangu alinifundisha kwamba mwenye kupunja mizani ataulizwa. Hakunifundisha la kufanya ikiwa aliyekukabidhi mizani ni mtu unayempenda.

Nikamwomba Dokta siku tatu. Akanipa, hakuuliza.

Nikapanda basi hadi Nanganga, nikapata gari la Ruangwa, na kesho yake nikapanda basi dogo la Mbekenyera. Njiani nilianza kuhesabu moshi kupitia dirishani. Nilipofika kumi na saba nikaacha, kwa kuwa abiria wa jirani alidhani nasoma uradi naye akaanza kuitikia amina.

Mzee Mchopa nilimkuta shambani, ndani ya koti, na tawi bichi mkononi. Alikuwa anachoma shamba.

"Umekuja wakati mzuri," akasema. "Kata tawi, simama pale. Moto ukivuka mstari huu, upige."

"Mzee, nimekuja kwa jambo la kazi."

"Hii nayo ni kazi. Sema huku unapiga."

Nikamweleza yote huku napiga moto, machozi yananitoka, mengine kwa moshi. Nilipofika kwenye meli iliyo kama mti alicheka mpaka akakohoa. Nilipofika kwenye madaftari hakucheka.

"Mzee, kwa nini ulinizuia kuandika?"

Akapiga moto mara mbili tatu. "Mwaka wangu wa kwanza niliandika. Kila siku, moshi, na upande wake. Msimu ulipokwisha akaja bwana mmoja wa kuzuia uchomaji, akaomba daftari. Nikampa kwa furaha, nikadhani hatimaye nimepata msomaji. Akafuata pande nilizoandika, nyumba kwa nyumba. Nyumba ya tatu ilikuwa ya shangazi aliyenilea. Alilala mahabusu siku mbili. Ushahidi ulikuwa mwandiko wangu, mzuri, unaosomeka."

"Shangazi alisemaje?"

"Alisema, kumbe ndiyo kazi uliyosomea."

Tukahamia upande wa pili wa shamba, tukiufuata moto.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungejua, dhambi ingekuwa ya wawili. Hukujua, ikabaki yangu. Wewe ulikuwa unatii tu."

"Mzee, kuna kina mama kule wanaambiwa masizi ni ya majiko yao. Kwa sahihi yangu."

Akashusha tawi. Alikaa akiutazama moto bila kuupiga, mpaka ukavuka mstari ikabidi niukimbilie peke yangu. Niliporudi akasema, "Basi shangazi amefungwa mara ya pili."

Nyumbani alivuta sanduku la bati kutoka mvunguni. Ndani mlikuwa na kadi za tufe, miaka na miaka, zimefungwa kwa vipande vya kanga, mwezi kwa mwezi. Ofisi ilipotaka nafasi ya kabati iliamuru kadi za zamani zichomwe moto. Yeye, mchomaji mzoefu, akazibeba nyumbani.

"Daftari nililinyamazisha," akasema. "Kadi sikuzigusa."

Akapanga kadi mbili kitandani. Ya mwezi wa Juni: mstari unaanza mara jua linapochomoza. Ya mwezi wa Septemba: hakuna wingu lililoandikwa, lakini mstari unachelewa, na unapoanza ni mwembamba kama unywele. Moshi ulikuwa umelila jua la asubuhi. Kadi za kila Septemba zilisema hivyohivyo, msimu baada ya msimu. Bosi asiye na shemeji alikuwa ameandika yote.

"Chukua," Mzee akasema. "Na ukienda kusema, taja jina langu. Usiseme desturi ya kituo. Desturi haijawahi kuitwa ofisini ikajieleza."

Dokta alinisikiliza mpaka mwisho, sanduku likiwa baina yetu.

"Kwa hiyo ulinipa hewa chafu niifanye kipimo cha usafi."

"Ndiyo, Dokta."

"Na ukamshukuru Mungu."

"Nilishukuru kwa harufu."

"Sasa mwombe aturudishie ile meli."

Meli ilirudi kuchukua shehena ya pili baada ya wiki chache. Safari hii anga safi tuliichukua alasiri, upepo ukitoka baharini, chombo kikiangalia maji matupu, na sahihi zikawa mbili. Picha ikawa nyekundu kuanzia bomba la meli hadi kwenye paa za mtaa. Wakala akaitazama sana, akasema chombo kimeharibika. Dokta akamjibu kwamba siku ile wakala alipokiona kizima, yeye Dokta ndiye aliyekuwa hakiamini.

Taarifa ilikuwa na sehemu mbili, na Dokta alikataa kupunguza hata moja. Ya kwanza ilisema moshi wa meli unaufikia mtaa. Ya pili, kwa ushahidi wa kadi za Mzee Mchopa na vipimo vya asubuhi nyingine tulizoongeza, ilisema kwamba kila kiangazi moshi wa mashamba ya bara nao unashuka mpaka baharini. Nikaenda mwenyewe kumweleza Bi Hadija.

"Kwa hiyo mchana ni wao, asubuhi ni ninyi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na siku ile ulikuwa na haraka ya nini?"

"Sikuwa na haraka."

"Nilijua." Akanipa dagaa kwenye karatasi, nikala njia nzima. Walikuwa na mchanga kidogo, masizi hapana. Meli ziliagizwa kuzima injini kubwa zikiwa gatini. Nyingine zinazima.

Mimi nikaandika maelezo kuhusu madaftari, nikataja majina mawili, lake na langu. Nikajibiwa kwa barua ya onyo kwa uzembe na barua ya pongezi kwa uaminifu, tarehe moja, sahihi moja. Nimezifunga pamoja, mezani kwangu haziachani. Mzee nilimpelekea nakala. Alisema onyo limeandikwa kwa Kiswahili kizuri zaidi.

Tangu hapo nikaandika moshi, na upande wake. Msimu wa kwanza niliandika huku sikio likiwa barabarani. Kila gari lililosimama nje ya kituo nilidhani ni bwana wa uchomaji amekuja kuomba daftari. Mpaka leo hajaja. Nikawaambia na majirani, akina Nangota wakiwa wa kwanza, kwamba sasa naandika. Baba yao akaniuliza kama itabidi waache kuchoma. Nikamwambia hilo si langu, langu ni kuandika. Hakunisalimia mpaka mvua ziliponyesha. Mzee Mchopa alifariki msimu mmoja kama ule, Mungu amrehemu, na tulimzika anga ikiwa kijivu. Nilirudi kituoni kabla ya saa ya usomaji, nikaandika moshi, upande wa Mbekenyera.

Siku yangu ya mwisho kazini mnaijua, lakini asubuhi yake hamkuwepo wote. Alikuwepo Zainabu, ambaye sasa ndiye mwenye kituo. Alisoma vipimajoto, akasafisha tufe, akasimama mlangoni na kalamu.

"Mzee, kuna moshi. Upande wa barabarani, karibu kabisa."

"Andika."

Hakuandika. "Mzee, ni shamba lako. Shemeji yako anakuandalia la kustaafia."

Nikatoka nikatazama. Alisema kweli. Ulikuwa moshi mzuri, ulionyooka.

"Andika," nikasema. "Na upande wake."

Akaandika, akanisogezea daftari. Nikatia sahihi.